Harrier nyeusi, vumbi la Dodoma na kopo la nta

Kila aliyeniona na hii Harrier mara ya kwanza alinipa hongera na pole kwa pamoja. Hongera ya gari, pole ya rangi. "Nyeusi? Dodoma hii?" aliniuliza mwenzangu wa ofisini pale Mtumba, huku nje upepo wa Julai ukihamisha kiwanja cha jirani na kukileta kwetu. Sikumwelewa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kulichukua gari Dar, la mwaka 2010, lile umbo watu waliloliita tako la nyani. Karatasi ya mnada wa Japani ililipa daraja la 4, ikiwa na alama mbili tu za A1, yaani vijikwaruzo. Kwangu mimi hilo ni gari jipya, na nilitaka libaki jipya.

Nimekaa nalo miezi kumi sasa. Nimelipia huduma ya polishi na waksi mara moja, nikajuta, kisha nikaanza kulipaka nta (ndiyo hiyo waksi) mwenyewe. Nitasema yote mawili, na bei zake.

Nianze na ile ya kulipia. Kutoka Dar hadi huku ni kama kilomita 450, na mimi nilisafiri jioni, kwa hiyo nilipofika bampa la mbele lilikuwa makaburi ya wadudu, na milango ina vitone vya lami kwa chini. Nikaelekezwa sehemu moja ya kuoshea magari, sitaitaja. Kijana akaniambia, "Dada, hii tunakuoshea, tunapiga polishi, waksi, halafu seramiki juu. Boneti utafanya kioo cha kuchania nywele." Shilingi 80,000. Nikaona si mbaya.

Saa saba mchana, jua la utosini, boneti huwezi kuweka kiganja. Kijana akachukua mashine yenye sahani ya manyoya iliyokuwa imelala juu ya meza ya mbao, wazi, inakula vumbi na sisi wote. Sikujua kitu, nikakaa na soda yangu kwenye kibanda. Dakika hamsini baadaye gari linawaka kweli kweli. Nikapiga picha nikamtumia dada yangu Morogoro.

Siku tatu baadaye nikasimama usiku kwenye kituo cha mafuta, barabara ya Iringa, chini ya zile taa nyeupe. Boneti nzima ilikuwa na mizunguko, kama buibui amefuma utando kuzunguka kila taa iliyojiangalia mle. Raba za madirisha na plastiki za pembeni zilikuwa na ukoko mweupe wa polishi ambao mswaki ulishindwa kuutoa. Na ile seramiki? Ilikuwa chupa ya kupulizia, ikafutwa kwa taulo lilelile lililotoka kufuta gari la mtu aliyetoka Kondoa. Nimeshasoma vya kutosha sasa kujua kwamba seramiki ya kweli ni silika, ile malighafi ya kioo, inayoshikana na rangi. Inahitaji gari lisuguliwe kwanza mpaka liwe safi kabisa, lipakwe ndani ya banda, likauke kwa saa kadhaa, na lisiguswe na maji kwa siku ya kwanza angalau. Anayekumalizia kila kitu kabla soda yako haijaisha amekupulizia kitu kingine.

Basi nikaamua kujitegemea. Nilinunua kopo la nta ya carnauba kwa 38,000, udongo wa kusafishia rangi kwa 25,000, na vitambaa sita vya maikrofaiba. Carnauba ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Ni ngumu mno peke yake, haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 80, ndiyo maana kwenye kopo huchanganywa na mafuta na vimiminika vya kuilainisha. Nilipenda hilo. Mti unajipaka nta usikaushwe na jua la kwao, mimi naihamishia kwenye gari lisikaushwe na jua la Dodoma.

Kabla ya nta, rangi lazima iwe laini. Kuna kipimo rahisi: osha gari, likauke, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kisha pitisha vidole taratibu juu ya rangi. Mfuko wenyewe ndio ulinipa kazi, maana ile ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Nikatumia wa mkate. Boneti ambayo kwa mkono mtupu ilikuwa kama glasi, kwa mfuko ilikuwa kama msasa. Ni chembe za chuma na uchafu wa melini, bandarini na barabarani, zimejishika kwenye rangi na maji ya sabuni hayazing'oi. Udongo unazing'oa. Unalowesha kwa maji ya sabuni, unateleza nao bila kukandamiza, unaukunja kila ukichafuka. Jambo moja tu: ukianguka chini, umekwisha. Usijidanganye kuusuuza. Wangu ulianguka mara moja kwenye kokoto za Iyumbu, ukapotea nusu ya shilingi 25,000 papo hapo.

Halafu nikapata mshtuko. Nilichukua polishi laini nipunguze ule utando wa buibui, nikasugua kipande kidogo cha mlango, nikageuza kitambaa: cheusi tii. Nikasugua tena, cheusi tena. Nikajua nimeimaliza rangi. Nikampigia mzee mmoja fundi rangi aliyewahi kumpulizia kaka yangu gari. Hakushtuka hata kidogo.

"Binti, tafuta kile kibati cha gari, soma namba ya rangi."

Nikatafuta. 202.

"Hiyo nyeusi ya Toyota ni rangi tupu, haina klia juu. Unachofuta ni rangi yenyewe. Kidogo haidhuru. Ila usiisugue kama sufuria, na usimpe tena mtu mwenye mashine na haraka."

Magari mengi ya sasa yana rangi chini na klia juu, safu ngumu isiyo na rangi, angavu kama kioo, inayobeba kinga ya jua. Kitambaa chake cha polishi hubaki cheupe. Hii yangu haina hiyo ngao: jua, maji na hewa vinafika kwenye rangi moja kwa moja, na ni laini, inachubuka ukiiangalia vibaya. Kwa hiyo kama unanunua Toyota nyeusi, uliza namba ya rangi kabla hujauliza bei ya seramiki. Mimi niliacha kusugua, nikakubali baadhi ya utando ubaki, nikaenda kwenye nta.

Kupaka nta ni kazi ya raha, kama una mahali. Mara ya kwanza nilipakia uani, Jumamosi ya Agosti, saa nne asubuhi. Kosa kubwa. Hewa ya kiangazi huku ni kavu, nta ilinyauka kabla sijafika mwisho wa mlango na kuitoa ikawa vita. Upepo nao ukaja na mchanga wake ukautia juu ya nta mbichi, mimi nikawa nausugulia humo humo. Mara ya pili nikaomba kwa jirani anayejenga. Nyumba yake ilikuwa imeshapauliwa, milango bado. Nikaingiza gari sebuleni kwake saa 12 asubuhi, nikamwagia sakafu maji vumbi litulie. Mafundi walipofika walidhani nimehamia.

Paka nyembamba. Nyembamba kuliko unavyofikiri. Ukiiona nta, umezidisha. Nusu ya boneti, subiri iwe kama ukungu, pitisha kidole. Kikiacha njia safi, futa. Kopo langu la gramu mia mbili hivi limeshapaka gari zima mara tano na bado liko zaidi ya nusu.

Matokeo? Weusi ulipata kina ambacho ile huduma ya 80,000 haikunipa. Mavi ya ndege yanatoka kwa kitambaa kilicholowa, wakati zamani yaliacha alama. Nami naegesha chini ya mwarobaini, maana kati ya ndege na jua la saa nane nimechagua ndege. Vumbi halipungui, asikudanganye mtu, ila linaondoka kwa maji bila kusuguliwa. Mvua ya kwanza ya Desemba nilitoka nje na mwamvuli kuangalia matone yanavyosimama kama shanga.

Lakini haidumu. Kopo linasema miezi mitatu. Kwangu, gari likilala nje, ni wiki tano, wakati mwingine sita, kisha matone yanaanza kutandaa kama chapati na unajua imeisha. Baadaye nilijaribu juu yake nta ya maabara ya kupulizia, 30,000, ikafika karibu miezi minne, ila mng'ao wake ni wa ubaridi kidogo, kama plastiki. Dada yangu haoni tofauti. Mimi naiona.

Kinachoua nta haraka kuliko jua ni sabuni ya unga. Ile ya povu jingi wanayopenda vijana wa kuosha inakausha mikono, na nta inaondoka nayo. Sasa naosha mwenyewe kwa shampuu ya magari na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza glavu. Na maji yetu nayo yana tabia zake. Haya ya visima vya Mzakwe yana madini. Kama birika lako lina magamba meupe ndani, ndiyo hayo hayo. Yakikaukia kwenye gari jeusi juani yanaacha vigurudumu vyeupe, na vikikaa siku nyingi vinakula rangi. Siki iliyopunguzwa na maji inavitoa, ila inachukua na nta. Dawa niliyoigundua ni ndoo chini ya bomba la kiyoyozi ofisini. Yale maji yanayodondoka ni mvuke uliopoa, hayana madini. Kiangazi hewa ni kavu, yanadondoka kwa kusuasua, lakini nikifika Ijumaa nina lita kumi za kusuuzia mwisho. Watu wa ofisini wamenipa jina kwa ajili ya ndoo hiyo, na sitaliandika hapa.

Lipo moja zaidi, na ndilo lililonipa tabu kuliko yote. Mikwaruzo iliendelea kuongezeka hata baada ya mimi kuacha kwenda kuosha nje. Nilitafuta mchawi wiki tatu. Siku moja nikaamka mapema kuliko kawaida, nikamkuta mzee wetu wa ulinzi, Mgogo mmoja mwema sana, na kipande cha fulana kuukuu, kikavu, anazungusha juu ya boneti kwa nguvu zote. "Mbukwa, mwanangu! Leo limelala na vumbi, nimekufutia." Alikuwa akinifutia kila alfajiri tangu Julai, bila kuniomba hata mia.

Utamwambiaje mtu kama huyo? Nilimshukuru. Siku mbili nilikaa kimya, gari likifutwa. Siku ya tatu nikamwita, nikachukua sahani nyeusi ya jikoni, nikainyunyizia mchanga wa uani, nikamwomba aifute kwa fulana yake. Akafuta, akaigeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo. "Kumbe nimekuwa nalipiga msasa." Nikamwambia hapana, nta ilisaidia. Haikusaidia. Nta haina uwezo wa kuzuia mchanga unaosukumwa na mkono wa mtu mwenye upendo.

Kwa hiyo kopo la 38,000 nitalinunua tena likiisha. Huduma ya 80,000 sirudi. Seramiki ya kweli nimeulizia mahali pawili, nikatajiwa 450,000 na 600,000; kwa rangi ya 202 iliyokwisha kusuguliwa vibaya mara moja, bado sijaona sababu. Ungekuwa na gari lenye klia na banda la kulilaza, ningekushauri vingine.

Mzee sasa ana ndoo yake mwenyewe. Juzi nimemsikia getini akimkaripia kijana wa bodaboda aliyeegemea mlango wangu: "Toka hapo, hiyo haina klia!"