Fremu ya Jina la Amit: Mbao Safi, Maana Iliyokosewa

Jirani yetu hapa Moshi alipopata mjukuu aliyeitwa Amit, niliagiza zawadi katika duka moja la fremu lililo karibu na Soko la Mbuyuni: jina la mtoto kwa hati ya Kidevanagari, inayotumika kuandika Kihindi, na chini yake maana yake kwa Kiswahili. Nililipa shilingi 35,000, na kazi ikawa tayari baada ya siku 3.

Mbao ni mninga, imepigwa msasa vizuri na pembe zake zimekutana barabara. Tatizo lilikuwa nyuma ya kioo. Bibi wa mtoto aliisoma polepole, kisha akaniambia, "Mwanangu, umetuheshimu sana, ila hapa wamekosea," akigusa kwa kidole kialama cha i fupi, ambacho katika hati hiyo huandikwa kabla ya konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Kompyuta ya dukani ilikuwa imekisogeza upande wa pili, kikaiangukia herufi isiyo yake.

Kosa la maana lilinisikitisha zaidi. Waliandika "rafiki", na rafiki kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ni mitra, neno jingine kabisa. Amit limetokana na amita: mita ni kilichopimwa, na a ya mwanzoni hukanusha, kama "asiye" yetu, hivyo mtoto huyu ni asiyepimika. Ndivyo Ashok alivyo asiye na huzuni, na Amar asiyekufa. Tena a hiyohiyo ikitangulia mitra, tunapata amitra, yaani adui, kwa hiyo maneno haya hayafai kukisiwa.

Nilipoirudisha, fundi alinisikiliza bila ubishi, akachapa upya siku ileile bila malipo. Kwa ufundi na uungwana huo nitarudi tena, lakini maandishi nitayachukua kwa familia yenyewe, na ninawashauri wateja wengine wafanye hivyo.

Naomba pia duka lirekebishe orodha yake ya majina iliyobandikwa kaunta. Arjun limetafsiriwa "shujaa", ilhali neno lenyewe ni mweupe anayeng'aa, na ushujaa ni wa mpiga upinde wa Mahabharata, utenzi wa kale wa India, aliyeitwa hivyo. Sita limeandikwa "mrembo", kumbe ni mfuo wa jembe, kwa kuwa katika masimulizi ya kale ya India, Mfalme Janaka alimkuta mtoto Sita ardhini alipokuwa akilima. Maana hiyo mkulima yeyote wa Kilimanjaro angeielewa mara moja.