Vyuma vyao vizuri, ila yule trena simsamehi

Naomba niseme maana limenikaa rohoni. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho ana kilo 14 na hataki kutembea, kila saa "mama nibebe". Mgongo ukaanza kunisumbua mpaka nikiinama kufua kunyanyuka ni kazi, mtaalamu wa viungo akaniambia fanya mazoezi ya uzito mgongo na miguu vipate nguvu. Nikalipia jimu moja hapa Dar, elfu 60 kwa mwezi, wala sikuomba kupunguziwa.

Sasa siku za mwanzo mwanzo hizo, nimeshaweka pleti, vile vyuma vya duara vya kuongeza uzito, za kilo 5 huku na huku, ndo nataka kuingia chini ya chuma nipige skwoti, yaani kuchuchumaa na kuinuka chuma kikiwa mabegani, trena huyo anakuja hata salamu hana. Anachomoa pleti moja, anazunguka anachomoa ya pili, anazirudisha kwenye stendi, halafu ananishikisha vidambeli vya pinki vya kilo 2. Eti "bi mkubwa hivyo vya wanaume, utaharibu kizazi, aerobiki ya kina mama saa 11 jioni kule juu". Vijana wote macho kwangu. Nilitetemeka kwa hasira jamani.

Kile chuma kitupu ni kilo 20. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo hizohizo, na mimi nimejitwisha ndoo tangu niko darasa la 4, nimejitwisha na mimba, maji yakikatika mpaka leo najitwisha, na hajatokea mwanaume hata mmoja akanipokea akasema mama utaharibu kizazi. Na lile la kwamba mwanamke akinyanyua atajaa kama baunsa, homoni ya kujaza misuli namna hiyo sisi tunayo kidogo sana, hao mnaowaona wamejaa wamehangaika miaka na miaka. Trena ndo alitakiwa anifundishe mimi hayo.

Nilitaka nitoe nyota moja niondoke zangu. Ila haki ya Mungu vyuma vyao vizuri, bafu safi, na kuna baba mmoja mtu mzima, mteja tu kama mimi, aliniona nimekaa pembeni akaja taratibu, "dada rudi nikuonyeshe". Akanifundisha kuvuta pumzi na kukaza tumbo kabla sijashuka, na visigino visiachie sakafu. Siku hizi nampandisha mtoto ngazi zote mgongo hata hausemi. Kwa hilo nyota 4.

Hapana, 2. Maana nilimweleza meneja akacheka, "ah huyo kijana ana utani". Utani gani huo wa kumvua mtu chuma mbele za watu, na samahani mpaka leo sijaipata.

Mwezi huu nimelipia tena, kwa ajili ya vyuma na yule baba tu. Kina mama mkienda, nendeni asubuhi, zamu ya yule trena inaanza saa 9 alasiri. Na akija kuwachomolea pleti, zishikeni.