Mafuta manne ya kupaka msimu wa joto: niliyoyabakiza na niliyoyaacha

Ngozi ya miguu yangu hupauka hata siku ambazo jasho linanitiririka mgongoni. Wenye ngozi ya namna hii wanaijua adha yake. Ukipaka losheni nzito unajihisi umevikwa nailoni, usipopaka, kabla ya saa sita mchana magoti yameshakuwa meupe kama yaliyomwagiwa majivu. Msimu huu wa joto niliamua kujitengenezea mafuta ya mwili nyumbani, mepesi, yenye harufu ninayoipenda mwenyewe. Nimejaribu aina nne za mafuta ya msingi: nazi isiyoganda, jojoba, mbegu za zabibu na lozi. Kila asubuhi baada ya kuoga nilipaka aina moja mguu wa kulia na nyingine mguu wa kushoto, nikazunguka hivyo wiki baada ya wiki.

Nianze na jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Tunapofikiria mafuta yenye harufu, akili inakimbilia harufu: tutie yasmini, tutie lavenda, tutie nini. Lakini katika chupa ya mililita 100, harufu ni mililita moja tu. Hizo 99 zilizobaki ndizo unazozivaa kutwa, ndizo zinazoamua kama shati litakung'ang'ania mgongoni au la. Mafuta yakiwa mazito, hakuna harufu itakayoyafanya mepesi.

Nazi isiyoganda ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mafuta ya nazi ya kawaida huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo usiku wa baridi kidogo unaweza kukuta chupa imekuwa jiwe jeupe. Haya mengine yametenganishwa kiwandani, yakabakizwa yale yenye molekuli za mnyororo wa urefu wa wastani tu, na hayo hayagandi kabatini. Hayana rangi, hayana harufu ya nazi hata kidogo. Nilidondosha matone matatu kwenye kifundo cha mkono, nikasugua kwa kidole kimoja, kisha nikabandika karatasi ya shashi juu yake kila baada ya dakika moja. Karatasi ya kwanza ililowa doa la ukubwa wa sarafu. Ya tatu ilikuwa na kivuli tu. Ya tano nilipoiinua kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu. Ngozi ilibaki laini, bila mng'ao wa kuteleza. Nililala na fulana nyeupe siku hiyo hiyo, na asubuhi kola ilikuwa safi.

Kasoro yake ni kwamba yanapita haraka mno. Ikifika jioni, mguu uliopakwa hayo peke yake ulikuwa umeanza tena kupauka kuanzia kwenye ugoko kushuka chini.

Hapo ndipo jojoba ilipoingia. Tunaiita mafuta, ila kwa asili yake ni nta iliyo katika hali ya kimiminika, inayokamuliwa kwenye mbegu za kichaka cha jangwa la Sonora, huko Marekani na Meksiko. Sehemu ya mafuta yanayotoka kwenye ngozi yetu wenyewe nayo ni nta za jamii hiyo, na nadhani ndiyo maana ngozi yangu haikugombana nayo hata siku moja. Ina rangi ya dhahabu, na faida yake kubwa kwa anayetengeneza nyumbani ni kwamba haichachi upesi. Ukipaka jojoba tupu, inakaa juu ya ngozi kama utando mwembamba, na saa za joto kali utando huo unauhisi. Mguu ulikuwa laini mpaka usiku, sikatai, lakini vumbi nalo lililiona hilo likaja kukaa.

Mafuta ya mbegu za zabibu ni mepesi kweli, na kwa siku kumi za kwanza niliamini nimefika. Yanateleza vizuri mkononi na yana ukijani hafifu unaopendeza kwenye kioo. Tatizo ni uhai wake. Yamejaa asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ambayo huharibika upesi ikikutana na hewa, mwanga na joto, yaani vitu vitatu ambavyo msimu huu unavyo kwa wingi. Chupa yangu niliisahau dirishani. Nilipoifungua baadaye ilinuka kama rangi ya mafuta iliyokaa kwenye kopo, na harufu hiyo ilipita hata juu ya lavenda niliyokuwa nimetia. Niliimwaga yote. Mwenye kutengeneza kidogo kidogo na kuimaliza mapema atayafurahia, mimi siyo mtu huyo.

Lozi niyapite haraka: mazuri sana, manono, yanafaa baridi ikija. Kwenye joto yananata nyuma ya magoti. Na mwenye mzio wa lozi au njugu asiyaguse kabla hajaongea na daktari.

Mwisho wa yote nimebaki na mchanganyiko wa nazi isiyoganda mililita 75 na jojoba 24. Nazi inaleta wepesi, jojoba inashikilia mpaka jioni. Ile mililita moja iliyobaki ni ya harufu, na natia matone machache ya vitamini E. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, haiui vijidudu, kwa hiyo maji yakiingia kwenye chupa haitakuokoa. Chupa na faneli ninavikausha kabisa, na sitii maji ya waridi wala petali mbichi ndani, hata kama zinapendeza kwa macho. Petali mbichi zina maji, na maji huleta ukungu.

Sasa harufu, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu mimi nilijiumiza. Chupa yangu ya kwanza kabisa niliitia bergamoti, mafuta ya harufu ya tunda la jamii ya ndimu, bila kupima, nikakisia tu kwa jinsi inavyonukia vizuri. Nikapaka shingoni na begani, nikakaa nje mchana. Jioni ngozi ilikuwa inawaka moto, nyekundu, na baada ya siku chache ikatokea michirizi ya kahawia ikifuata njia ileile mafuta yalipotiririka, kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga. Ilichukua majuma mengi kufifia. Bergamoti iliyokamuliwa kwenye maganda ina bergapteni, ambayo ikipigwa na jua juu ya ngozi huunguza. IFRA, chama cha kimataifa cha watengeneza manukato, kimeweka kikomo cha asilimia 0.4 kwa bidhaa zinazobaki kwenye ngozi inayopata jua. Mimi nilikuwa nimetia kama asilimia mbili. Limau na ndimu za kukamuliwa zina tabia hiyohiyo, zina vikomo vyao. Anayeipenda sana bergamoti atafute iliyoondolewa bergapteni, huandikwa herufi FCF kwenye chupa.

Chungwa tamu halina shida hiyo ya jua, na ndilo nililolishika. Kwa mililita 100 natia chungwa matone 10, lavenda 7 na langilangi 3. Matone 20 ni kama mililita moja, ingawa tone la chupa hii si tone la chupa ile, kwa hiyo nikitaka uhakika natumia sirinji. Langilangi ni matatu, usiongeze. Kwa mara ya kwanza nilitia manane na nikatembea na kichwa kinachogonga mpaka saa tisa. Ukichanganya, usiihukumu harufu papo hapo. Ifunge, itikise, iweke gizani siku tatu au nne. Siku ya kwanza chungwa linapiga kelele peke yake, siku ya nne unasikia lavenda imekaa katikati na langilangi chini yake kwa mbali. Ukipaka, chungwa linaondoka ndani ya saa moja. Kinachobaki ndani ya kiwiko jioni ni langilangi, hafifu, kana kwamba mtu alipita na maua muda uliopita.

Kabla ya kupaka mwili mzima, paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye pumu ni bora wabaki na mafuta ya msingi bila harufu yoyote. Na jamani, haya hayakingi jua. Kinga ya jua ni kitu kingine, ipakwe yenyewe.

Upakaji nao una wakati wake. Usijikaushe sana na taulo. Ngozi ikiwa bado ina umande wa maji, mimina kiasi cha nusu kijiko cha chai kiganjani, sugua viganja, kisha anza na miguu. Mafuta huzuia yale maji yasiondoke, na kiasi kidogo kinaenea mbali. Nyayo niziache mwisho, nikiwa nimeshakaa, maana sakafu ya bafu na nyayo zenye mafuta havipatani.

Chupa ninayotumia sasa ni ya kioo cha kahawia, ina pampu, na nimebandika karatasi yenye tarehe niliyoichanganya. Imebaki vidole viwili. Inayofuata nitashusha jojoba mpaka 15 na kuongeza nazi, kwa sababu joto limezidi na wiki hii nimeanza kuuhisi ule utando shingoni.