Ubuntu ikigoma katikati ya sasisho: uitengeneze au uisakinishe upya?

Umeme ukikatika wakati Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, inajisasisha, vifurushi (mafungu ya mafaili ya programu) hubaki nusunusu na programu mpya hazikubali kuingia. Wengi hapo hukimbilia kufuta kila kitu na kuanza upya. Mimi nasema tengeneza kwanza.

Kutengeneza huanza na amri mbili kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri: sudo dpkg --configure -a, inayomalizia vifurushi vilivyoishia njiani, kisha sudo apt --fix-broken install, inayoleta vile vinavyokosekana. Zikigoma, angalia nafasi ya diski kwa df -h. Mara nyingi sehemu ya /boot, yenye mafaili ya kuwashia mfumo, kama imetengwa, hujazwa na kerneli (viini vya mfumo) za zamani. Amri sudo apt autoremove huziondoa. Hata mashine isipofika kwenye skrini ya kuingilia, menyu ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, hukuruhusu kuiwasha kwa kerneli iliyotangulia. Bando linaloliwa ni dogo, na mafaili yako hayaguswi.

Kusakinisha upya hakukulazimu kuelewa kilichoharibika. Ni nafuu kwa aliyechoka, lakini tatizo likirudi hujui lilitoka wapi. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, tena unahitaji flashi. Kama /home, folda ya mafaili yako, haina sehemu yake kwenye diski, nakili picha na nyaraka kwanza. Flashi hiyohiyo huwasha mfumo bila kusakinisha chochote, ukazinakili kutoka hapo.

Njia hii ya kusakinisha upya ningeichagua pale tu diski yenyewe inapokufa, na hapo husakinishi kwenye ileile: unanunua nyingine.