Mvinyo Mweupe kwa Mlo wa Samaki: Tazama Mwaka Kabla ya Jina

Malalamiko yanayonifikia kila joto linapopamba moto Dar es Salaam yanafanana mno: mtu amenunua kamba wazuri, amewachoma kwa kitunguu saumu na ndimu, ametoa fedha nyingi kwa chupa ya mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, kisha anamimina kinywaji chenye rangi ya kahawia iliyopauka na harufu ya tufaa lililokatwa likaachwa wazi. Wengi humlaumu mtengenezaji. Mimi humlaumu muuzaji, na kidogo pia mazoea yetu ya kusoma jina la chupa bila kusoma mwaka, yaani mwaka wa mavuno ya zabibu ulioandikwa juu yake.

Kanuni ya mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama sitaieleza upya. Niseme tu kwamba mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo ndiyo huamsha lile shombo linalobaki mdomoni baada ya kula vyakula vya baharini, kwa hiyo hata rangi peke yake si dhamana.

Mwaka ndio unaopuuzwa. Mvinyo mwepesi wa zabibu za Sauvignon Blanc hufaa kunywewa ndani ya miaka 2 au 3 tangu mavuno, na kwa kuwa Afrika Kusini huvuna kuanzia Januari hadi Machi, chupa yake huwa imeitangulia kwa takriban nusu mwaka chupa ya Ufaransa yenye mwaka huohuo. Muda huo huhesabiwa kwa chupa iliyotunzwa mahali pa baridi, karibu nyuzi 13 za Selsiasi. Katika duka ambalo kiyoyozi huzimwa jioni, au ambalo chupa hupangwa dirishani ili zipendeze, mvinyo huzeeka upesi mno, na ule wa chupa nyeupe isiyo na rangi huharibiwa na mwanga wenyewe hadi ukanuka kabichi iliyochemshwa. Kabla ya kulipa, inua chupa kwenye taa ulinganishe rangi yake na ya nyingine ya aina hiyohiyo, kagua kama kizibo kimesukumwa juu, na upapase shingo kama inanata. Omba chupa ya nyuma kabisa ya rafu, au ile iliyo bado katoni.

Nafasi ya kwanza ninaipa Sauvignon Blanc ya Durbanville Hills, wala sifichi upendeleo wangu. Mashamba yake yako karibu na Cape Town, yanapoozwa na upepo wa Atlantiki, na uchachu wake unahimili ndimu ya kamba, kaa na changu wa kuchoma bila kufifia. Ya pili ni Chenin Blanc, mvinyo wa aina nyingine ya zabibu nyeupe, ya Ken Forrester kutoka Stellenbosch, ambayo kwa samaki wa kupaka huishinda ile ya kwanza, maana tui la nazi linahitaji mvinyo wenye mwili, yaani ulio mzito zaidi mdomoni. Pilipili ikizidi, epuka kilevi kikali, kwa sababu huongeza mwasho. Hapo Vinho Verde, mvinyo mwepesi, ya Casal Garcia kutoka Ureno, yenye kilevi cha karibu asilimia 10, ingestahili kupanda daraja, lakini chupa yake haina mwaka, nami siwezi kusifu nisichoweza kukikagua, hivyo inabaki ya tatu. Mweupe mkavu, yaani usio mtamu, wa Dodoma ujaribu ukiupata ungali mpya. Dompo, mvinyo mtamu wa Tanzania, ni tamu mno kwa samaki, na mvinyo wa boksi upikie.

Najua kwamba ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18 hupandisha bei kabla chupa haijafika rafuni. Ninachokikataa ni kulipa bei yote hiyo, kurudisha chupa iliyoungua kwa joto, kisha kuelezwa kwa tabasamu kwamba mvinyo hunoga kwa kukaa. Baadhi ya migahawa ya ufukweni imezidi, kwani hutoza mara tatu ya bei ya dukani kwa chupa iliyoshinda juu ya kaunta, karibu na jiko, na ukiomba kuuona mwaka kabla haijafunguliwa, mhudumu hukutazama kana kwamba umemtuhumu wizi. Omba hivyohivyo, na ukikuta ni wa zamani, agiza maji ya madafu.