Seti ya Lifti ya Ghorofa Nne: Mota Inafaa, ila Kabini Haijui Ilipo

Seti za kujenga lifti ya mfano zinazouzwa bila jina la kiwanda hufanana sana: mbao za kuunganisha mnara wa ghorofa nne, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoongoza kila kitu), mota ya hatua, yaani inayozunguka hatua kwa hatua, ya 28BYJ-48 pamoja na bodi ya kuiendesha ya ULN2003, kapi la plastiki la kipenyo cha mm 20, uzi wa nailoni, vitufe vinne, swichi moja ya kikomo chini ya mnara inayobonyezwa kabini ikifika mwisho, onyesho la tarakimu moja, na servo ya SG90, mota ndogo ya kufungua mlango. Kuijenga ni kazi ya siku moja. Kuifanya isimame sawa na sakafu katika safari ya mia kama ilivyosimama katika ya kwanza ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo seti inapomwacha mnunuzi peke yake.

Sifa kwanza. Mota hii ni ndogo na ya polepole, lakini kwa lifti ya mfano imechaguliwa vizuri. Gia zake hupunguza mwendo karibu mara 64, kwa hiyo umeme ukikatika kabini nyepesi hubaki ilipo. Ukiweka NEMA 17, mota ya hatua kubwa zaidi isiyo na gia, umeme ukikatika kabini yenye mzigo inaweza kuporomoka hadi chini. Kwa mizunguko 12 kwa dakika uzi husogea kama mm 12.6 kwa sekunde, yaani ghorofa ya mm 150 huchukua sekunde 12. Usiilazimishe kupita mizunguko 15: itanguruma tu bila kuzunguka, huku programu ikiendelea kuhesabu hatua ambazo hazikupigwa.

Ikitetemeka bila kuzunguka tangu siku ya kwanza, usiirudishe dukani. Kama IN1 hadi IN4 za bodi ya ULN2003 zimeingia pini 8, 9, 10 na 11 za Arduino, maktaba ya Stepper (programu iliyo tayari ya kuendesha mota) inataka zitajwe kwa mpangilio wa 8, 10, 9, 11. Ni namba mbili tu za kubadilishana nafasi, na karatasi ya maelekezo mara nyingi haizitaji.

Tatizo kubwa liko kwenye kapi. Uzi umepitishwa juu yake nusu mzunguko tu, upande mmoja kabini, upande wa pili uzani wa kusawazisha. Chukua kabini ya gramu 120 na uzani wa gramu 80. Ikiwa tupu, uzi unashika kama kigezo cha msuguano kati yake na kapi ni 0.13 au zaidi. Weka mzigo wa gramu 100 na sasa unahitaji 0.32, kiasi ambacho nailoni laini juu ya plastiki laini haikifikii. Uzi unateleza, mota haina habari. Zungusha uzi mara moja zaidi kwenye kapi na hitaji linashuka hadi karibu 0.11. Nailoni nayo itoe, weka uzi wa kusuka usiovutika, maana nailoni hurefuka kabini ikibeba mzigo.

Kwenye lifti halisi uzani wa kusawazisha huwa sawa na kabini pamoja na karibu nusu ya mzigo wake. Hapa usiige hilo. Gia za 28BYJ-48 zina ulegevu. Uzani ukizidi kabini tupu, gia huegemea upande mmoja, na mzigo ukiingia zinahamia upande wa pili. Ulegevu wa nyuzi 3 tu ni nusu milimita kwenye sakafu. Uzani ukibaki mwepesi kuliko kabini tupu, gia huegemea upande uleule siku zote.

Halafu kuna hesabu ya hatua. Programu ya seti hutumia 2048 kwa mzunguko, lakini mota nyingi za aina hii zina gia za uwiano wa 63.68, ambazo hutoa karibu 2038. Kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya nne ni mm 450, zaidi kidogo ya mizunguko saba, na tofauti inafika mm 2 na ushei. Pima hatua za kila sakafu kwa mkono na uziandike kwenye programu, usizikokotoe.

Hata hivyo kipimo pekee hakitoshi, na hili ndilo ningelisisitiza kuliko yote: ongeza sensa nne za sumaku, moja kwa kila ghorofa, na sumaku ndogo kwenye kabini. Sensa ya aina ya A3144 inafaa. Huitikia upande wa kusini wa sumaku tu, tena kwenye uso wake wenye maandishi. Ukigeuza sumaku haitaitikia kamwe na utadhani imeungua. Ncha ya dira inayoelekea kaskazini huvutwa na upande wa kusini wa sumaku, hivyo dira itakuonyesha. Sensa hizi huwaka sumaku ikikaribia, lakini huzima ikiwa imekwenda mbali zaidi kidogo kuliko ilipowakia, kwa hiyo kabini inayopanda na inayoshuka zitaisoma sakafu ileile mahali tofauti. Rekodi hatua inapowaka na inapozima, kisha simamisha katikati.

Pini zitatosha? Seti kama ilivyo hutumia 17: nne za mota, nne za vitufe, moja ya swichi, saba za onyesho na moja ya servo. Hamishia onyesho kwenye 74HC595, chipu ya kuongeza pini, na litakula tatu badala ya saba. Ongeza sensa nne na swichi ya kikomo ya juu, unafika 18 kamili, na pini 0 na 1 zinabaki huru kwa mawasiliano na kompyuta. Vitufe vya ndani ya kabini vifungwe sambamba na vya nje, havihitaji pini. Ukitaka vitufe tofauti vya kupanda na kushuka, nenda kwenye Arduino Mega, yenye pini nyingi zaidi.

Programu ya seti iandike upya. Amri ya step() hushikilia bodi mpaka safari iishe. Kutoka chini hadi juu ni sekunde 36 ambazo kila anayebonyeza kitufe hasikiki. Tumia maktaba ya AccelStepper, isiyoshikilia bodi, kwa kasi ya hatua 400 kwa sekunde, ita run() kila mzunguko wa loop(), na soma vitufe humohumo kwa kuvisubiri vitulie milisekunde 30. Maombi yahifadhiwe, kabini imalize yaliyo njiani kabla ya kugeuka. Kila ikiwashwa ishuke polepole hadi swichi ya chini, kisha setCurrentPosition(0), ili hesabu ianze na sifuri hapo.

Umeme nao una lawama. Mota hula karibu mA 240, na servo inapoanza inaweza kupita mA 500 yenyewe. Ukitegemea USB, mlango ukifunguka tu bodi inajizima na kujiwasha, na kabini inasahau ilipo. Mota na servo zipewe volti 5 za amperi 2 peke yake, hasi iunganishwe na ya Arduino, na kapasita ya µF 470 iwekwe karibu na servo.

Reli ziachie nafasi ya mm 1 kila upande. Servo ya mlango huinamisha kabini mbele, hivyo tafuta mahali inaponing'inia wima na ufunge uzi hapo, si katikati ya paa kama tundu lilivyotobolewa. Waya za servo zianzie katikati ya urefu wa mnara, zisije zikanasa kwenye reli.

Kwa anayetaka kujifunza, nunua. Kwa anayetaka kuifungua, kuiunganisha na kuionyesha kesho yake, bado.