Kifuko kilichonitia aibu Mwaloni: nini ununue kulinda gari la rimoti

Jumamosi ile nilikuwa Mwaloni, Kirumba, napatana bei ya dagaa na mama mmoja asiye na haraka yoyote. Nilikuwa nimeegemea gari langu, mkoba ubavuni. Ndani ya mkoba kifuko cha kuzuia mawimbi, ndani ya kifuko rimoti. Mwanangu alipochoshwa na jua akaweka kiganja kwenye kitasa. Ti-ti! Taa zikawaka, mlango ukafunguka, mtoto akaingia zake kivulini. "Mama, leo hukufunga gari?"

Nilifunga. Kilichokuwa kimelala kazini ni kifuko, nilichouziwa elfu 35 kwa maneno matamu, kazi yake moja tu duniani ikiwa kuzuia rimoti na gari visisikilizane. Yule mama alicheka mpaka akafuta machozi, na bei hakushusha.

Tangu niwasimulie kisa hiki, wasomaji kadhaa wameniandikia, wote wakiwa na kifuko kilekile cheusi chenye zipu. Mmoja alikuta gari halina laputopu wala viatu, na hakuna kioo kilichovunjwa. Basi nimekaa na vitu vyote vinavyouzwa kwa kazi hii, vingine nimevinunua, vingine nimeviazima kwa ndugu na majirani, nikavijaribu, vingi kwenye gari langu mwenyewe.

Tuelewane kwanza nasema na nani. Kama gari lako ni IST ya kuchomeka ufunguo na kuzungusha, vifuko havikuhusu, nenda moja kwa moja kwenye kufuli za usukani. Nasema na wenye Harrier, Crown, Vanguard, CX-5 na ndugu zao wa kukanyaga breki na kubonyeza kitufe. Ukigusa kitasa cha gari la namna hiyo, linanong'ona kwa mawimbi ya masafa ya chini: upo? Rimoti ikiwa karibu inajibu kwa masafa ya juu, megahezi 315 kwa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, 433 kwa ya Ulaya. Mnong'ono huo umewekwa usifike mbali, mita moja hivi na ushee. Wezi wawili wanachofanya ni kuurefusha. Mmoja anasimama mlangoni pa gari na kifaa chake, mwenzake anatembea na cha pili pembeni ya dirisha la chumba unamoweka rimoti. Gari linadhani umesimama mlangoni, kumbe unakoroma. Si jambo la jana: mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walilijaribu kwa magari 10 ya watengenezaji 8 wakafanikiwa. Hapo rimoti yako haijanakiliwa, imeazimwa tu usingizini. Kunakili ni kazi ya mchana, nitaifikia.

Kwetu Mwanza mawe yanatusaidia kidogo. Anayeishi juu kule Mabatini au Bugarika, nyumba ikiwa imekaa kwenye miamba kama mbuzi, gari analiacha chini kwa mwenye uwanja, rimoti inalala juu ngazi sitini. Kuurefusha mnong'ono hadi huko ni kazi. Wenye kujihadhari zaidi ni nyie wa viwanja vya tambarare, Buswelu na Nyegezi, gari limeegeshwa chini ya dirisha la sebule na rimoti inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari huo ng'oeni leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi: MKUNJO.

Watu wakinunua kifuko wanaangalia ngozi, rangi, zipu, kama kina pete ya kuning'iniza. Havina maana. Kinachozuia mawimbi ni kitambaa chembamba cha ndani chenye nyuzi za madini, na kitambaa hicho kinakufia pale kifuniko kinapojikunja. Nilikichana changu kwa wembe nikiwa nimekaa barazani. Kwa nje kilikuwa kipya kabisa. Kwa ndani, kwenye mstari wa mkunjo, ile rangi ya fedha ilikuwa imepasuka vipande vipande kama tope la ziwani lililokauka, na ukikiinua juani unaona mwanga unapita. Miezi mitano tu. Ukifungua na kufunga mara sita kwa siku, mkunjo huo umepigwa karibu mara elfu moja, na mawimbi hayahitaji mlango mpana.

Kuna na la mifuko miwili. Vifuko vingi vina mfuko wa mbele na wa nyuma, na mara nyingi ni mmoja tu wenye kile kitambaa. Wa pili ni wa kadi. Karatasi ya maelezo, kama ipo, ina Kichina na picha ya mzungu anayetabasamu. Nimemwona shemeji yangu akiweka rimoti kwenye mfuko wa kadi mwaka mzima kwa amani ya moyo.

Kwa hiyo usinunue kifuko bila kukijaribu kwenye gari lako, tena si kwa kusimama mbali. Funga gari, weka rimoti ndani, kisha kibandike kifuko chenyewe kwenye kitasa, kigusane kabisa, halafu shika kitasa. Likifunguka, mrudishie mwenyewe. Vifaa vya wezi vina nguvu kuliko antena ya gari lako, kwa hiyo kifuko kinachofanya kazi ukiwa hatua tatu tu hakijathibitisha chochote. Rudia jaribio hilo kila mwanzo wa mwezi, na uyapindue maungio ya kifuko wakati unajaribu. Muuzaji akikataa usitoke nacho nje hadi kwenye gari, ameshakujibu.

Haya, mpangilio wangu.

1. Disklok

Nasema wazi kwamba naipenda na sitajifanya niko katikati. Ni kufuli ya chuma ya Uingereza inayoufunika usukani duara zima, kama kifuniko cha sufuria. Ukiisukuma inazunguka bure juu ya usukani, gari halikati kona. Uzuri wake unauelewa ukijua zile kufuli za fimbo zinavyoshindwa: mwizi hahangaiki na fimbo, anakata usukani wenyewe kwa msumeno, plastiki na waya mwembamba, fimbo inachomoka nzima. Kwenye Disklok usukani umefichwa, hana pa kuanzia. Halafu hii ni dawa isiyojali mwizi ameingiaje. Aazime mnong'ono, anakili rimoti, avunje kioo, atalikuta chuma lilelile.

Yangu ililetwa na wifi aliyekuja likizo, na uwanja wa ndege walimfungulia sanduku mara mbili. Ni nzito. Wiki ya kwanza nilijigonga goti nayo nikaitukana. Zipo saizi tatu, kwa hiyo pima upana wa usukani kwa futikamba, ukingo hadi ukingo, kabla ya kumtuma mtu. Ya saizi isiyo yako haifungi au inacheza. Na huku kwetu kwa unyevu wa ziwa, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye tundu la ufunguo kila baada ya muda.

Kinachoniuma ni bei ya hapa. Nilimpigia mfanyabiashara mmoja anayeagiza vifaa vya magari, akanitajia kiasi ambacho ungeweza kumlipia mtu nauli ya basi kwenda Dar akaipokee bandarini na kurudi, mara kadhaa. Nikauliza mbona hivyo. "Dada, dola imepanda." Wiki iliyofuata dola ilishuka, nikampigia tena. "Dada, mzigo huu uliingia dola ikiwa juu." Mzigo huohuo wiki moja kabla ulikuwa haujaingia! Tafuta mtu anayesafiri.

2. Imobilaiza ya namba ya siri

Autowatch Ghost, yenye asili ya Afrika Kusini, ndiyo ninayoijua vizuri, kwa sababu ipo kwenye gari la kaka yangu. Inafungwa kwenye waya za mawasiliano ya ndani ya gari, haina taa wala rimoti ya ziada. Ukikaa, unabonyeza vitufe vya kawaida vya gari, sema sauti juu mara mbili, dirisha mara moja, kwa mpangilio uliouchagua mwenyewe. Bila hivyo gari haliendi popote.

Nimeiweka ya pili na si ya tano kwa sababu ya aina ya wizi ambao kifuko hakiugusi kabisa. Mwaka 2022 jijini London mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake. Wezi walilegeza bampa, wakachomoa soketi ya taa ya mbele, wakapitishia ujumbe wa uongo kwenye waya hizohizo: rimoti imethibitishwa, fungua. Alipochimba na mwenzake Ken Tindell, wakakuta kifaa cha kazi hiyo kinauzwa kikiwa kimefichwa ndani ya ganda la spika ya Bluetooth. Rimoti yako ingekuwa imezikwa Ukerewe, gari lingeondoka.

Ubaya ni fundi. Anayegusa waya hizo awe anazijua. Kaka alisafirisha gari hadi Dar, na mimi pia ningefanya hivyo kuliko kumwachia mtu anayejaribu waya kwa taa ya majaribio na ulimi nje. Na ukipeleka gari kuoshwa, iweke kwenye hali ya huduma, ile inayoacha gari liwake bila namba, usimtajie kijana namba.

3. Kifuko, ukishakijaribu

Nunua viwili, cha rimoti ya pili pia. Watu wanalinda ile ya mkobani na kuisahau ya akiba kwenye droo, ingali inajibu usiku kucha. Chagua kinachofungwa kwa kukunja mara mbili, chenye tabaka la kitambaa linaloonekana pande zote, na usilipe zaidi ya elfu 15. Cha elfu 35 na cha elfu 8 nilivyovichana vilikuwa na kitambaa kilekile. Tofauti ilikuwa sanduku.

Kabla hujanunua, jaribu hili la bure: rimoti nyingi za Toyota unaweza kuzilaza. Shikilia kitufe cha kufunga, huku umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili. Kitaa chake kikimetameta mara nne, imelala na haijibu mnong'ono wowote. Kuiamsha, bonyeza kitufe chochote. Hakuna muuzaji atakayekuambia.

4. Kufuli ya tundu la OBD

Hapa ndipo kunakili kunapotokea. Chini ya usukani kuna tundu ambalo fundi huchomeka mashine ya kusoma makosa. Mashine za aina hiyo zenye uwezo husajili pia rimoti mpya, na wakati wewe unakunywa soda kwenye benchi la sehemu ya kuoshea, kazi imeisha. Kifuniko cha chuma chenye ufunguo kinamchelewesha mtu, basi. Kinachofaa zaidi hakiuzwi: unapochongesha rimoti ya pili (na magari ya Japani yanafika na moja mara nyingi), mwambie fundi akuonyeshe kwenye kioo cha mashine idadi ya funguo zilizosajiliwa. Una mbili, kioo kinasema tatu? Ya tatu anayo nani? Afute zote, asajili upya zile ulizoshika mkononi, wewe ukiwa umesimama hapo.

5. Traka ya GPS

Haizuii kitu, inakusimulia tu. Ningeipandisha kama isingekuwa laini. Kifaa kinatumia laini ya simu, bando likiisha kinakuwa kipande cha plastiki. Tena mafundi wanaokufungia huweka laini waliyoisajili kwa alama zao wenyewe na akaunti yao wenyewe. Nilipobonyeza *106# kuangalia laini zilizo kwa jina langu, ya gari haikuwemo. Maana yake kuna kijana ambaye simjui, anayejua kila siku nimelala wapi, na kila mwezi ananitumia meseji ya kudai "huduma". Nilipoomba laini iwe yangu akaniambia mfumo hauruhusu. Mfumo gani? Ni laini! Nunua kifaa, laini sajili mwenyewe, neno la siri badilisha mbele yake.

Vya bei ndogo

Fimbo ya usukani ya elfu 25: bora kuliko hewa, inamtisha mwizi mvivu. Swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta: nzuri kama fundi umeme ni mzuri, hatari ya moto kama si mzuri. Kopo la biskuti la kuwekea nyuzi: langu lilizuia, la mama halikuzuia, makopo yenyewe yanafanana.

Kifuko changu nilikirudisha kwa aliyeniuzia, kimechanwa na wembe, nikamwonyesha mkunjo. Akakitazama kwa muda mrefu. "Dada, hiki umekitumia vibaya. Hakitakiwi kufunguliwafunguliwa." Hela hakurudisha. Alinipa kingine cha rangi ya kahawia. Nilitoka nacho hadi kwenye gari, nikakibandika kwenye kitasa, nikashika. Ti-ti.